Jino la Njoroge na Uji wa Mumbua

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyozitazama kucha za ndugu yangu nikaamua moyoni kwamba kuna mtu anamuua.

Ilikuwa Jumamosi, nimetoka Thika kwenda kumwona nyumbani kwake Ngoliba. Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti, amejifunika blanketi kana kwamba ni baridi ya Julai, na jua la Ngoliba unalijua, halimwombi mtu ruhusa. Nilipomshika mkono kumsalimu, niliona chini ya kucha zake mistari midogo, mifupi, yenye rangi ya damu iliyokauka, imesimama wima kama vibanzi vya kuni vilivyoingia nyamani.

"Umejichoma na nini?" nikamuuliza.

"Wapi! Hata sijui imetoka wapi," akasema, akairudisha mikono ndani ya blanketi.

Njoroge alikuwa kaka yangu mkubwa, na kwa kweli alikuwa baba yangu pia. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu, mama akafuata, na Njoroge ndiye aliyeacha shule akashika jembe ili mimi nisome. Nilikuja kupata kazi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Thika, Eneo la Viwanda, nikapanga chumba mtaani Makongeni. Yeye akabaki Ngoliba na mahindi yake na pojo zake, kwenye ardhi ambayo mvua huipita juu kwa juu ikielekea kwa watu wengine. Miaka miwili kabla ya asubuhi hiyo alikuwa ameoa msichana wa Kikamba wa huko huko, jina lake Mumbua. Sikupinga harusi. Nilicheza, nikala pilau, nikapigwa picha. Lakini kuna mtu anayecheza harusini huku amefunga fundo moyoni, na mtu huyo alikuwa mimi.

Wajua makabila yalivyo. Kila moja lina gunia lake la maneno mabaya juu ya jirani, na watoto hulishwa kutoka humo kabla hawajajua kusoma. Mimi nililishwa kwamba wanawake wa upande ule wana dawa zao. Sikuwahi kuiona dawa hiyo, wala hakuna aliyewahi kunionyesha. Ila jambo ulilolishwa utotoni halikuombi ushahidi. Linakaa tu tumboni likingoja siku yake.

Jumatatu kazini nilimweleza rafiki yangu Mwaniki, tuliyesimama naye kwenye mashine za kufuma bega kwa bega. Aliniinamia sikioni, maana mashine zile zilikuwa na kelele ya kuziba dunia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nani anampikia?"

"Bibi yake."

"Basi si umejijibu?"

Tangu siku hiyo nilienda Ngoliba kila mwisho wa wiki na macho ya askari. Niliona ndugu yangu anavyokwisha, suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Homa ilikuwa inakuja, inaondoka, inarudi. Usiku analowa jasho mpaka shuka zinakamuliwa. Kwenye duka la dawa alikuwa amepewa za malaria mara mbili, halafu za taifodi, na kila mara alipata nafuu ya siku chache kisha akaanguka tena. Nami nikajiambia, lazima iwe hivyo. Dawa ya malaria itatibu sumu vipi?

Nilimwona Mumbua pia, na kila alichofanya kikawa ushahidi. Akinyamaza, nasema ana siri. Akicheka na jirani, nasema anafurahia kazi yake. Alikuwa akimpikia Njoroge uji wake peke yake, mwepesi, katika sufuria yake ndogo. Kwa nini peke yake? Niliona ndugu yangu akila kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, akifumba jicho, na sikujiuliza lolote. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono uliobeba bakuli.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya jikoni, nimejibanza kwenye ukuta wa mabati. Naona haya kukwambia, lakini nasaha isiyo na haya ya msemaji huwa haina chumvi. Nikamsikia Mumbua akisema kwa sauti ya chini:

"Hiki kitu kitakumaliza, Njoroge. Nakuambia kitakumaliza."

"Wacha, Mumbua. Wacha tu."

"Twende Thika Jumatatu. Kama unamwonea ndugu yako aibu, twende kabla hajajua."

Kabla sijajua nini? Sikulala.

Kesho yake, Mumbua akiwa kanisani, niliingia jikoni nikapekua. Nyuma ya pipa la maji nilipata furushi la kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na karafuu, vipande vya mizizi, chumvi imefungwa kwa karatasi, na vijidonge vya pamba vyenye damu iliyokauka na harufu ya kitu kilichooza. Ngai! Mwanamke huyu anakusanya damu ya ndugu yangu!

Aliporudi alipika uji kama kawaida. Njoroge alikuwa ndani, homa imempanda hata hasemi la kueleweka. Mumbua alipopita mlangoni na bakuli, nilimzuia.

"Onja wewe kwanza."

Akainua lile bakuli akanywa, si funda moja, aliunywa wote, macho yake yakiwa kwenye macho yangu.

"Umeridhika, shemeji?"

"Sumu ya polepole haimshtui anayeonja mara moja," nikasema, nikalitupa lile furushi miguuni pake. "Na hii ni nini?"

Alifungua mdomo kueleza. Mimi sikumpa nafasi. Nilimwambia arudi kwao mpaka ukweli ujulikane. Niliita pikapu ya jirani, tukampandisha Njoroge, nikafunga nyumba na ufunguo nikatia mfukoni. Gari lilipowaka, Mumbua alikimbia akashika ubao wa nyuma.

"Shemeji, sikiza. Mkague mdomo! Tafadhali, mkague tu mdomo!"

Nikamwambia dereva, twende. Niliona ni mtego, kwamba anataka niguse mdomo wa mtu aliyerogwa ili nami nipatikane. Mwenye shuku hakosi maana mbaya ya neno, hata neno liwe jeupe kama maziwa.

Wiki tano Njoroge alikaa chumbani kwangu Makongeni. Nilimlisha kwa mkono wangu. Maji nilichemsha mimi, maziwa nilibadilisha duka kila siku, asije mtu akanizoea. Mwaniki alipoleta machungwa, mwanangu, Mwaniki yule yule aliyenipa kamba ya kujifunga, nilimshukuru, na alipoondoka nikayatupa chooni. Mke wa mwenye nyumba akichungulia dirishani kusema pole, nilivuta pazia. Nilikuwa nimeanza na mtu mmoja, sasa nilishuku ploti nzima ya wapangaji. Shuku ni kama kupe, haikai peke yake mwilini.

Na ndugu yangu hakupona. Mtu mwenye akili angeuliza, kama muuaji yuko mbali, mbona mauti yako hapa? Mimi nilisema sumu imeshaingia mifupani.

Ikafika hawezi kulala chali. Analala ameketi, ameegemea ukuta, anahema kama aliyepanda mlima. Miguu ikavimba. Asubuhi moja nilimkuta midomo imegeuka rangi ya zambarau, ndipo nikapata akili ya kutafuta gari. Hata hapo, hebu sikia ujinga, nilizipita hospitali za Thika nikampeleka Ruiru, kwa kuwa niliogopa Thika huenda kuna nesi ambaye ni mtu wa kina Mumbua. Mtu anakata roho, mimi nachagua kabila la nesi.

Daktari tuliyempata Ruiru alikuwa mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya upole. Sikumngoja aulize.

"Nataka apimwe sumu."

"Tutaona," akasema. Alizishika kucha za Njoroge akazitazama sana. Akaweka kipimo kifuani, akafumba macho kusikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Kisha akavaa glavu na kuchukua tochi. "Baba, fungua mdomo."

"Daktari," nikasema, "shida iko kifuani. Unatafuta nini mdomoni?"

"Kaa hapo kidogo."

Nilikaribia kumwinua ndugu yangu tuondoke. Nilijua tu, huyu naye ana lake. Lakini daktari akaniita. "Kuja uone mwenyewe."

Nikainama. Mwanangu, sijasahau harufu ile, kwani nilikuwa nimeshaikuta kwenye furushi. Gego la chini kulia lilikuwa limebaki kipande cheusi, ufizi umevimba kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, na daktari alipougusa ukatoa usaha.

"Nani amekuwa akilitibu hili jino?" akauliza.

Njoroge alijibu kwa shida, maneno mawili, pumzi, maneno mawili. "Mumbua. Bibi yangu. Karafuu na maji ya chumvi. Ananifuta usaha na pamba. Alinisihi sana twende ling'olewe. Mimi nilikataa. Naogopa koleo."

"Na kwa nini hukuniambia mimi?" nikauliza.

Alinitazama. "Mwanaume wa miaka thelathini na sita anaogopa koleo. Ningekwambiaje wewe, niliyekulea?"

Kumbe hiyo ndiyo aibu niliyoisikia nyuma ya mabati. Kumbe kitu ambacho kingemmaliza kilikuwa jino. Uji mwepesi ulikuwa wa mtu asiyeweza kutafuna. Kila kitu nilichokuwa nimekiona kilikuwa kweli, na nilikuwa nimekisoma juu chini.

Daktari aliuliza kama Njoroge alipata kuugua viungo utotoni. Akasema ndiyo, akiwa darasa la nne koo lilimuuma, kisha magoti yakavimba, akakaa nyumbani karibu muhula mzima. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata ufunguo. Alinieleza kwa lugha ambayo hata mimi wa kiwandani niliielewa. Homa ile ya utotoni iliacha kovu kwenye mmoja wa vijilango vya moyo, vile vinavyofunguka na kufunga damu ikipita. Njoroge akaishi nalo bila kujua. Mdomoni nako kuna vijidudu siku zote, na ufizi ukioza vinapata njia ya kuingia kwenye damu. Moyo mzima kwa kawaida huviacha vipite. Moyo wenye kovu huvipa mahali pa kushika. Vikishika vinazaliana, vinakula kile kijilango, na vipande vidogo vinabebwa na damu hadi kwenye ncha za vidole.

"Ile mistari ya kwenye kucha ndiyo hiyo," akasema. "Amekuwa hivi muda gani?"

Nilihesabu miezi. Nilipofika kwenye wiki tano za Makongeni, niliacha kuhesabu.

Alilazwa. Dawa ilipitishwa mshipani kila siku, wiki baada ya wiki, na alipopata nguvu kidogo jino likang'olewa pale pale hospitalini, chini ya ulinzi wa dawa. Siku homa ilipomwachia, alinitazama akauliza, "Mumbua yuko wapi?"

"Nilimfukuza."

Aligeuza uso ukutani. Siku tatu hakunisemesha. Nilimletea chai, akakubali kuipokea kwa mkono wa nesi tu.

Siku ya nne nilienda Ngoliba, nikashuka ule upande mkavu mpaka kwa baba yake Mumbua, Mzee Kilonzo. Alikuwa akirekebisha ua wa mbuzi kwa matawi ya miiba. Alinipa kigoda. Akaita maji, yakaletwa kwenye kikombe cha bati, akaninyooshea yeye mwenyewe.

Mwanangu, nilipokipokea kikombe kile, mkono wangu ulisita. Muda wa kupepesa jicho tu. Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, nilikuwa nimeshaliona jino kwa macho yangu, na bado mkono ulisita. Mzee akaona.

"Hata sasa, kijana?"

Nilikunywa maji yale na machozi. Alingoja nimalize kumweleza yote, jino na daktari wa Ruiru. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ndugu yako alipougua," akasema, "wewe uliuliza nani. Hukuuliza nini. Ukiuliza nini, utakagua mgonjwa. Ukiuliza nani, utakagua jirani. Mimi pia ningeweza kuuliza nani. Ningesema huyu kijana wa Thika anataka shamba la kaka yake, ndiyo maana amemfungia chumbani afe pole pole, bibi asimwone. Watu wa hapa walisema hivyo, nikawanyamazisha. Unaona vile ni rahisi?"

Kweli ilikuwa rahisi hivyo.

"Kuna ugonjwa ulikuwa kwa jino la ndugu yako," akaendelea, "na kuna mwingine ulikuwa kwako. Wa kwake umepata daktari. Wako ni wewe utautoa."

Mumbua alitoka nyumbani akiwa ameshavaa leso ya safari, na kikapu mkononi. Nilipiga magoti nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima. Hakuyangoja yaishe.

"Yuko wodi gani?" Hilo tu ndilo aliloniuliza.

Njoroge aliishi, namshukuru Mungu. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, akapata watoto wawili na Mumbua. Lakini kile kijilango cha moyo kilikuwa kimeliwa sana. Hakushika jembe tena. Kupanda kilima kidogo tu cha kwao kulimtaka apumzike mara tatu. Daktari hakuwahi kuniambia kwamba zile wiki tano ndizo zilizomfanya hivyo. Nami sikuwahi kumuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Na Mumbua alinisamehe. Alisema hivyo mbele ya baba yake na mbele ya mchungaji, na si mwanamke wa kusema uongo. Ila kila ninapokwenda kwake, akinitilia chai, huinua kikombe kwanza akanywa funda moja mbele yangu, kisha ananipa. Nilimwomba mara moja aache. Akasema, "Ni mazoea, shemeji." Wiki iliyopita nilikuwa huko. Akanywa funda lake, akanipa. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nimekubali kunywa hivyo hadi kufa kwangu.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana umeniambia ufizi wako unatoa damu ukipiga mswaki, na ukacheka ukasema ni kitu kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikutishi, si kila jino bovu linafika moyoni, na wengi wanazeeka na mapengo yao salama. Lakini madaktari wanaona kwamba wenye ufizi mgonjwa mara nyingi huwa wagonjwa wa moyo pia, hata kama bado wanabishana kamba inayofunga hayo mawili imepitia wapi. Wewe usingoje wamalize kubishana. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Jino likiuma, karafuu itakutuliza, haitakuponya, nenda likaguliwe. Kama utotoni uliwahi kuvimba viungo, au daktari alikuambia moyo wako una mlio usio wa kawaida, mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo. Na homa ikikurudia rudia, usimeze dawa za kubahatisha dukani; dai upimwe, na ufungue mdomo hata kabla hujaambiwa. Wala usione haya kuogopa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na aibu ya kulia kwenye kiti cha daktari wa meno haijawahi kuua mtu.

Na mtu wako akiugua, uliza nini. Uliza tena. Jina la mtu likikujia ulimini kabla ya jina la ugonjwa, jiume ulimi, uende ukamtazame mgonjwa vizuri.

Basi, mwanangu, Mungu wa baba zetu akupe kinywa kizima na moyo mwepesi. Akuepushe na homa isiyo na jina, na shuku isiyo na ushahidi. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na masikio ya kuwasikia wangali karibu. Uzae, ulee, uone wajukuu, na uzeeke ukitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yako mwenyewe. Thaai, amani iwe nawe.